Kwetu Hakuna Tabu

Kilifi, bwenini
16 Februari 2014

Shangazi yangu Sheikha,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe nawe huko uliko. Ikiwa unasoma haya, basi Himid hakuisahau barua ndani ya magunia yake kama alivyoisahau ile ya mwaka jana. Namsamehe, kwa kuwa shuleni simu ni marufuku na sina jirani mwingine anayekwenda na kurudi kati ya Mombasa na soko la Al Ras huko Dubai.

Mimi ni mzima. Kidato cha tatu ni kigumu kuliko nilivyoambiwa, hasa kemia. Nyumbani Mambrui niliwaacha wote salama. Mama anakaanga mahamri alfajiri kama kawaida yake, Baba yuko dukani na misumari yake na rangi zake. Mdogo wangu Raed ameingia kidato cha kwanza, naye yuko bweni huko Malindi na anajiona mtu mzima. Bibi analalamikia ganzi ya mkono wa kushoto. Anasema ni baridi. Wewe unaijua Mambrui, baridi itoke wapi.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Harrison, anakusanya hadithi fupi za mashindano ya shule za kaunti. Tumeambiwa tuandike juu ya yale ambayo watu wanayatarajia kwa mtoto wa kike. Wenzangu karibu wote wameandika msichana anayesimulia mateso yake mwenyewe, naye analia tangu ukurasa wa kwanza. Mimi usimulizi nimempa mvulana. Anaitwa Marhun, na anasimulia mambo ya nyumbani kwao, pamoja na dada yake. Huyo dada hasemi neno mpaka hadithi inakwisha.

Mwalimu aliisoma darasani kukawa na vita. Wengine walisema Marhun ni mbaya. Wengine wakasema mbaya ni mimi, nimemnyima msichana sauti. Mwalimu Harrison alisema lugha imempendeza, ila nimfikirie upya huyo msimulizi, na kama siwezi, basi nibadilishe mwisho. Tangu siku hiyo silali vizuri, si kwa hasira, ila kwa sababu sijui kama ana haki.

Nimekunakilia yote. Isome kwa wakati wako, kisha uniambie kweli, usinionee huruma. Je, Marhun ni mtu mbaya?

Mtoto wako,
Rumaisa

*

Karama, Dubai
Ijumaa, 28 Machi 2014

Mwanangu Rumaisa, mtoto wa ndugu yangu,

Salamu zako zimechelewa lakini zimefika, zinanuka karafuu, maana Himid alizitia mfuko mmoja na bidhaa zake. Nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi sijambo. Niko hoteli ile ile ya Marina, usafi wa vyumba, ila wamenihamishia ghorofa za juu. Chumbani hapa Karama tumebaki wawili, mimi na Wanjiku, mlinzi wa jumba moja huko huko Marina. Anakusalimu. Anasema Kiswahili chako kinamfanya ajione hakwenda shule.

Hadithi yako niliisoma kwenye metro nikienda kazini, nikapitiliza kituo. Jioni nikamsomea Wanjiku kwa sauti. Nilipofika pale pa mwanzo nilirudia, hivi:

"Kwetu hakuna tabu. Nikiamka, maji yamekwisha kuchotwa. Shati langu limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Chai iko mezani na mahamri ni ya moto. Dada amekaa barazani, hana kazi, anaangalia njia."

Wanjiku alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Huyu kijana, nani amwambie?"

Umeniuliza kama ni mbaya. Mimi nilimpenda, Rumaisa. Anampenda dada yake. Ule ukurasa ambapo anamtafutia dada kandambili yake iliyochukuliwa na maji ya mvua, mtu mbaya hafanyi vile. Yeye amezaliwa akakuta kitanda kimetandikwa, basi anadhani vitanda hujitandika. Wageni wangu wa hotelini ni hivyo hivyo. Wanatoka kwenda kuogelea, wakirudi shuka ni mpya na taulo zimekunjwa. Wengi ni watu wema. Wakinikuta kwenye korido wananitabasamia.

Mahali pamoja tu palinisumbua. Marhun anasema, "Dada hakupenda sana shule, wote husema hivyo." Na mwisho wake, "Mama alipojifungua, dada akabaki nyumbani. Alifurahi, nadhani, kwa sababu hakusema kitu." Maneno hayo umeyatoa wapi? Nakuuliza tu.

Mwisho usiubadilishe kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mwalimu, mpaka wewe mwenyewe utake.

Mkono wa Bibi unaendeleaje? Nikimwuliza babako kwenye simu anasema "hajambo tu," na mimi sipendi hiyo "tu."

Anayekupenda,
Shangazi Sheikha

*

Mambrui
20 Mei 2014

Shangazi mpenzi,

Natumai joto la huko halijaanza kuwachoma. Huku mvua imenyesha mpaka uwanja wa nyuma umekuwa bwawa, na kuku wa Mama wanalala jikoni. Wote wanakusalimu. Barua yako niliisoma mara nyingi, na ile habari ya wageni wa hotelini nimeiweka moyoni.

Najua Baba amekueleza juu ya Bibi, kwamba mwezi wa nne alianguka alipokuwa akienda kutawadha, na kwamba upande wa kushoto haumtii. Usihofu sana. Anakula. Uji anautaka uwe na tangawizi kidogo, na usiwe mzito, kwa sababu ukiwa mzito unambania kooni. Nimegundua akilazwa ubavu wa kulia na mto mdogo chini ya goti halalamiki mpaka adhuhuri. Mgongo haujafanya kidonda. Maneno yake yanatoka mazito lakini nikitulia namwelewa.

Umeniuliza maneno ya Marhun nimeyatoa wapi. Nimeyatoa kwa Baba. Tangu nilipokuwa mdogo hutusimulia utoto wenu, tena kwa furaha. Husema kwenu hakukuwa na tabu, kila kitu kilikuwa tayari, na kwamba "shangazi yenu hakupenda sana shule, aliacha mwenyewe alipozaliwa mtoto." Niliposikia mara ya kwanza niliamini. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kujiuliza nani alikuwa akiyatayarisha hayo yote. Ndiyo sababu sikuweza kumpa msichana usimulizi. Angesema yeye, watu wangesema analalamika. Marhun akisema, anasema kwa mapenzi na hajui anachosema, na anayesikia anabaki peke yake na jambo lenyewe.

Lakini hukunijibu, Shangazi. Ulipenda shule, au hukupenda?

Niko nyumbani kwa likizo kidogo. Nitakapopata nafasi nitaandika zaidi.

Wako,
Rumaisa

*

Karama, Dubai
Ijumaa, 13 Juni 2014

Rumaisa mwanangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama yangu kupitia mikono yako, na wote waliomo nyumbani. Huku jua limewaka mpaka vyuma vya ngazi havishikiki. Hoteli ni tupu, wageni wa kiangazi ni wachache, basi tunafua mapazia. Wanjiku amepata zamu ya mchana nje ya geti, namwonea huruma.

Likizo gani, mtoto wangu? Shule zilifunguliwa mwanzo wa Mei. Nilisoma barua yako, nikaona goti na mto na uji usio mzito, nikajua hayo hayajulikani na mtu aliyekuja kusalimia. Ijumaa iliyopita nikaenda Al Ras, nikamkuta Himid anapanga magunia ya pilipili na wapagazi wake. Nikamwuliza kama alikuona. Akasema, "Nilimwona Jumatano, yuko uani anafua mashuka." Akaongeza kwamba mtoto amekonda.

Nikampigia babako palepale, kelele za soko masikioni.

"Rumaisa yuko wapi?" nikamwuliza.

"Yupo."

"Yupo wapi, Awadh?"

Akakohoa. "Dada, ni muda tu. Mama hajiwezi. Mamake Rumaisa ana mahamri yake, mimi niko dukani. Halafu kuna kuoshwa. Mimi ni mwanamume, nitamwoshaje mama yangu?"

"Na Raed?"

"Raed yuko shule."

"Na Rumaisa alikuwa wapi?"

Kisha akasema neno jingine, kwa hasira kidogo, na simu ikaishia hapo. Hilo sitakuandikia.

Usidhani namchukia babako. Jambo la kuoshwa ni kweli, stara ni stara, na mama yangu hata mimi nisingependa aoshwe na mtoto wa kiume. Lakini kutoka hapo mpaka wewe kuacha shule kuna njia ndefu, na naona wameiruka kama mfereji mdogo. Hakuna aliyekaa chini akaamua. Walikutazama tu.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Niache kwanza.

Niandikie ukweli. Usinilinde. Mimi ndiye shangazi.

Sheikha

*

Mambrui
4 Agosti 2014

Shangazi yangu,

Idi iliyopita tulikukumbuka. Mama alipika mkate wa sinia, Baba akasema hakuna anayeupatia kama dada yake wa Dubai, Mama akanuna mpaka jioni. Mungu akupokelee funga yako. Tuna afya, na Bibi anaketi sasa akiegemezwa.

Nisamehe kwa kukuficha. Nilijua ungegombana na Baba, na mmebaki wawili tu nyinyi. Kwenye simu siwezi kusema, simu ni ya Baba na masikio ni ya wote.

Neno ambalo hukuliandika nalijua. Baba alimwambia Mama, nami nilikuwa chumba cha pili. Alikwambia, "Basi rudi wewe, ni mamako." Shangazi, nakuomba usirudi kwa neno hilo. Nilikaa nikalifikiria. Ukirudi wewe ili niende mimi, hadithi ni ile ile, tumebadilisha tu jina la aliyekaa barazani.

Sasa nikueleze lililotokea, maana bado sijui ni kubwa au dogo.

Siku ya tatu ya Idi, baada ya alasiri, Bibi hakuwa na usingizi. Nikatafuta la kumsomea. Nikachukua hadithi yangu. Nikaanza: "Nikiamka, maji yamekwisha kuchotwa."

Bibi akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Na nani?"

Nikasema, "Haijasemwa, Bibi."

Nikaendelea. "Chai iko mezani."

"Nani alopika?"

"Haijasemwa."

"Mbona haisemwi?" akauliza, amekunja uso. Ikawa hivyo, kila mstari ananisimamisha. Shati nani kapiga pasi. Mtoto nani kambeba. Mimi mwanzoni nilitaka kucheka, halafu sikutaka tena. Tulipofika pale dada anapobaki nyumbani, hakuuliza kitu. Aliutafuta mkono wangu, akaushika kwa ule mkono wake mzima, akasema:

"Sheikha, skuli wameshaingia. Nenda. Mtoto nitambeba mimi."

Nikamwambia mimi ni Rumaisa. Hakunisikia. Akarudia, "Nenda, mama. Utachelewa."

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni na samaki wake mkononi. Sijui alisimama tangu lini. Akaniuliza, "Hiyo hadithi nani kakupa?"

Nikamjibu, "Wewe, Baba."

Alitoka akakaa uani. Samaki alimsahau mkononi mpaka Mama akaja kumchukua. Siku mbili hizi adhuhuri anafunga duka na anakuja kumlisha Bibi uji yeye mwenyewe. Anaumwaga.

Mtoto nani, Shangazi? Bibi alikuwa akisema mtoto yupi?

Rumaisa

*

Karama, Dubai
Ijumaa, 29 Agosti 2014

Rumaisa, mboni yangu,

Nimekaa na barua yako wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Niliifungua kazini, kwenye stoo ya mashuka, nikaketi juu ya furushi la taulo. Msimamizi wetu, madam mmoja wa Manila, alinikuta pale. Nilidhani atanifokea. Akafunga mlango polepole akaniacha.

Mtoto alikuwa Marhun. Usishtuke. Najua hukulijua jina hilo, au labda ulilisikia ukiwa mdogo likakaa kichwani bila mwenyewe. Alikuwa kitinda mimba wetu. Mama alijifungua kwa taabu, akalala miezi, nami nilikuwa darasa la saba. Nikakaa nyumbani nimlee. Nilimbeba mgongoni hata nikipika. Alikuwa na tabia ya kunishika sikio akitaka kulala. Mungu akamchukua kabla hajatembea vizuri. Tukazika, matanga yakaisha, nami nikangoja mtu aseme, "Sheikha, rudi shule sasa." Hakuna aliyesema. Nikawa naendelea kuchota maji. Mwaka ukapita, babako akafanya mtihani akafaulu, tukafurahi sote, na mimi nilifurahi, wallahi. Baadaye nikaolewa, nikaachika, nikaja huku. Mengine unayajua.

Uliniuliza kama nilipenda shule. Niliipenda sana. Nilipenda jiografia. Nilikuwa nachora ramani bila kutazama kitabu, na hii nchi ninayoishi nimewahi kuipaka rangi ya kijani kwa penseli, nisijue kama nitakuja kufuta vioo vyake. Sijapata kumwambia mtu, kwa sababu watu wakishakusema kwamba hukupenda kitu, aibu ni kuwapinga.

Sikujua kama mama yangu alikuwa na neno lile moyoni miaka yote. Umelipokea kwa niaba yangu, na umenifikishia.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na babako, safari hii yeye ndiye aliyepiga. Alianza kwa kuniuliza hali ya hewa, mpaka nikamwambia, "Awadh, sema." Akasema, "Jumatatu Rumaisa anarudi shule." Nikauliza Mama ataoshwa na nani. Akasema amemwomba Bi Mwanamkasi, yule mjane wa nyumba ya pili, na amekubali kuja asubuhi na magharibi. Mchana atakuwepo yeye. Mama yako atamgeuza alfajiri. "Tumeandikiana zamu," akasema, kama mtu aliyevumbua kitu, "inawezekana." Nikajizuia nisimjibu vibaya. Nikamwambia ni vizuri.

Na mimi naja. Ngoja, usiruke. Siji kuziba nafasi yako. Nina likizo yangu ya kila miaka miwili, nimeiomba, madam amenipa kuanzia katikati ya Novemba, mradi niwe nimerudi kabla ya mwaka mpya hoteli inapofurika. Naja kumwona mama yangu, kisha narudi kazini kwangu. Hilo nimemwambia babako wazi, naye akasema, "Sawa, dada." Zamani angesema mengi.

Fungasha. Usisahau vitabu vya kemia.

Shangazi yako

*

Kilifi, bwenini
19 Oktoba 2014

Shangazi yangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani kwangu bwenini, juu, karibu na dirisha. Walikuwa wamempa mtu mwingine kitanda hiki lakini alinirudishia. Mimi ni mzima, na nimebaki nyuma sana. Kemia wamemaliza sura tatu bila mimi. Msichana mmoja wa darasani, Caren, ananifundisha wakati wa mapumziko, naye ana subira kuliko mwalimu.

Barua yako niliisoma chooni, mahali pekee penye mlango. Sikujua, Shangazi. Jina la Marhun lilikuja tu nilipoketi kuandika, nikalipenda mlio wake. Ningejua ningelitafutia heshima yake. Nilitaka kulibadilisha, nikaenda kwa Mwalimu Harrison na kalamu. Halafu nikaona nikuulize kwanza wewe, kwa kuwa ni mtoto wako ulimbeba. Ukisema nilifute, nalifuta.

Mashindano yamekwisha. Niliipeleka bila kugusa mwisho. Haikuchaguliwa. Waamuzi waliandika chini kwamba msimulizi hana huruma na msichana hana sauti. Niliumia, siwezi kudanganya. Mwalimu Harrison aliniita, akaniambia amesoma tena mara kadhaa, na kwamba yeye mwenyewe ana dada wawili huko Vihiga na tangu Februari anawafikiria. Akasema, "Nilikosea kukwambia ubadilishe." Halafu akanipa kazi ya nyumbani kama kawaida.

Siku ya wazazi Baba alikuja peke yake. Kila mwaka huja Mama. Alileta pilau na ndizi, tukakaa chini ya ukuta wa maktaba. Alikula kidogo, akazungumza habari za Bibi mpaka nikachoka kusikia uji. Anajua sasa habari ya mto chini ya goti, ananieleza kana kwamba mimi sikuwahi kuijua, nami nikamwacha aeleze. Alipokuwa akiondoka akauliza, bila kunitazama:

"Yule kijana wa hadithi yako. Akikua, anakuwa mtu wa namna gani?"

Nikasema, "Sijui, Baba. Bado hajakua."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwandikie vizuri." Akaenda.

Raed nimemwandikia kwamba Disemba akifika nyumbani mashuka ya kwake na ya kwangu atafua yeye. Hajajibu.

Safiri salama mwezi ujao. Utakapofika mimi nitakuwa nimebakiza wiki mbili tu shule zifungwe.

Mtoto wako,
Rumaisa

*

Karama, Dubai
Ijumaa, 9 Januari 2015

Mwanangu,

Nimerudi na nimefika salama. Wanjiku alinipokea kwa chapati na maharagwe, akala mahamri ya mamako yote peke yake. Huku ni baridi ya kuvaa sweta. Hoteli imejaa, miguu imevimba, na mimi sina la kulalamika.

Wiki zile tatu tulizokaa pamoja tulizungumza mengi, basi hapa nakuandikia yale ambayo sikuyasema, kwa kuwa mengine hayasemeki ana kwa ana.

Siku niliyofika, kabla yako, niliingia chumbani kwa mama yangu nikiwa bado na vumbi la njia. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu kwenye ndege. Akanitazama kwa muda, akafurahi, akasema, "Rumaisa, mmefunga skuli?" Yaani wewe ulikuwa Sheikha, nami nilipokuja mwenyewe nikawa wewe. Nikamwambia, "Tumefunga, Bibi." Sikuona haja ya kumsahihisha. Lile neno nililolitaka alikwisha kulisema, na lilifika. Siku moja tu, nikimpaka mafuta, aliugeuza mkono wangu akauangalia kiganja, akasema, "Mkono huu umefanya kazi." Jina hakulitaja. Akaubusu.

Jina la Marhun liache palipo. Lilikaa miaka mingi bila kutajwa na mtu. Wacha lisomwe.

Kitu kingine. Asubuhi niliyoondoka wewe ulikuwa umekwenda Malindi na Raed kununua vitabu, tulikuwa tumeagana usiku uliotangulia. Basi hukuona. Nilikuwa nimeketi nyuma ya Mama namchana nywele. Zimebaki chache, nyeupe, laini kama za mtoto, na mimi humsuka mikia miwili midogo. Babako akaingia. Nilidhani amekuja kuniambia gari limefika. Akasimama, akavua kofia, akasema:

"Mwanamkasi hawezi kuja siku za Ijumaa. Nionyeshe."

Nikasogea. Akakaa nilipokuwa nimekaa. Kitana alikishika kama brashi yake ya rangi, nikakigeuza mkononi mwake. Nikamwonyesha kuanzia chini kwenye ncha, kupanda juu, na mkono wa pili ushike mzizi ili usivute. Mara ya kwanza alivuta. Mama akafumba jicho.

"Nimekuumiza, Mama?" akauliza.

"Endelea," Mama akasema.

Akaendelea. Jasho lilimtoka, mtu mzima yule mwenye mvi. Sehemu ya nywele aliigawa upande, haikunyooka, akaifumua akaanza tena. Mama alikuwa amelegeza shingo, kichwa kimeegemea kifua cha mwanawe, anasinzia. Nje Himid, aliyekuwa anipeleke uwanja wa ndege, alipiga honi. Ndege zina saa zake na yeye ana haraka zake, namjua tangu zamani.

Niliokota mkoba wangu nikatoka taratibu mpaka barazani. Nikamwambia Himid azime gari, angoje.

Shangazi yako akupendaye,
Sheikha